Jina moja halitoshi: rejista ya kalasi na watoto waliopotezana na wazazi

Sisi wenye kurudi hatukusahau Desemba 2000. Vita ilipofika Pweto, watu walivuka kuingia Zambia, wengi wakaishi katika kambi za Kala na Mwange. Katika mbio ile, mama alivuka na mdogo, mkubwa akabakia na nkambo. Mwaka 2017 ikarudia: watu wetu walikimbilia Nchelenge, kiisha 2018 wakapelekwa Mantapala.

Msalaba Mwekundu unasaidia kutafuta watoto, lakini kazi inaanza na jina. Na kwetu jina moja halitoshi. Akina Ilunga na Ngoy wako kila kijiji. Kyungu na Kabange ni majina ya mapasa. Mtoto mdogo anaweza kukosa kujua jina la baba yake lote, lakini la mwalimu wake analijua. Njo maana mwalimu aliyekimbia na rejista ya kalasi hakubeba makaratasi tu: alibeba njia ya kurudi nyumbani.

Desemba 2021 wengine walianza kurudi kutoka Mantapala. Wazazi, siku ya kuandikisha mtoto, toeni majina yake yote, ya baba, ya mama, kijiji, na ndugu mmoja anayeishi mbali. Direkta aweke kopi ya pili pahali pengine. Mtu akija kudai mtoto, asipewe kwa kutaja jina tu. Mtoto mwenyewe aulizwe kwanza.

Na mwalimu akipokea mtoto mpya, amuulize polepole: nani alibakia kule?