Dispensari ya Zamani: Nia Iliyodumu Kuliko Wenye Nyumba

Atokaye baharini kuingia bandari ya Unguja hupokewa na safu ya majumba makongwe ya Mji Mkongwe. Mojawapo, katika barabara ya Mizingani karibu na lango la bandari, lina ghorofa kadhaa, roshani za mbao zilizonakshiwa kwa ufundi kama darizi ya kofia, na vioo vya rangi vinavyogeuza mwanga wa jua ndani ya nyumba. Wenyeji huliita Dispensari ya Zamani, ingawa ni miaka mingi tangu dawa iache kutolewa humo. Jumba hilo halikujengwa na Wahindu, wala halijawahi kuwa mali ya mandir. Hata hivyo linastahili nafasi katika kitabu hiki cha kumbukumbu, kwa kuwa habari yake inaanzia katika ofisi ya mfanyabiashara wa Kihindu.

Katika enzi ya Seyyid Said, forodha ya Unguja ilikodishwa. Mkodishwaji alimlipa Sultani kiasi walichopatana kila mwaka, kisha akatoza ushuru kwa faida yake. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia kutoka Mundra katika nchi ya Kutch, na Ladha Damji ndiye aliyeisimamia kwa niaba yake hapa Unguja. Katika nyumba hiyo aliajiriwa kijana maskini kutoka Kutch, Tharia Topan, Mwislamu wa jamii ya Khoja Ismailia. Dini zao zilikuwa mbili, lakini lugha, hesabu na uaminifu wa daftari viliwakutanisha. Mwaka 1876, katika utawala wa Seyyid Barghash, yule aliyekuwa mtumishi ndiye aliyekabidhiwa forodha.

Haki ya historia inatutaka tusifiche asili ya utajiri wa zama hizo. Tharia aliwakopesha wenye misafara ya pembe za ndovu, akiwemo Tippu Tip, na karafuu zilizopita forodhani zilichumwa kwa mikono ya watumwa. Wema wa matajiri wa siku hizo, wa dini zote, ulisimama juu ya jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa ukutani.

Mwaka 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali ya kuwatibu maskini. Ramani ilichorwa na Hashem Virjee Patel kutoka Gujarat. Kuta zikajengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama desturi ya pwani, na nakshi zikafuata mitindo ya India. Lakini mwenye nyumba hakuiona ikikamilika. Alirejea India, akafariki mwaka 1891. Mjane wake aliendeleza ujenzi hadi ukamalizika mwaka 1894, lakini hospitali iliyokusudiwa haikufunguliwa.

Jumba likauzwa. Karibu na mwaka 1900 lilinunuliwa kwa ajili ya wakfu wa Haji Nasser Nur Mohamed, nao wakafungua dispensari katika ghorofa ya chini, huku za juu zikiwa makazi. Hivyo nia ya Tharia ikatimizwa na watu wengine, kwa fedha nyingine. Jina la mwenye fedha za kwanza halikushika, wala la mwenye wakfu. Jina lililobaki vinywani mwa watu ni la kazi iliyofanyika humo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba likawa chini ya Serikali. Dispensari ikafungwa, na kwa miaka mingi mvua na chumvi ya bahari zikala mbao na chokaa. Katika miaka ya 1990, Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati, na mafundi wa hapa wakajifunza upya kazi ya chokaa na nakshi ambayo ilikuwa karibu kusahauliwa.

Si kila jumba lilibahatika hivyo. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash lililo katika ufukwe huo huo, iliporomoka na kuua watu. Jumba kongwe halidumu kwa sababu ya sifa zake. Hudumu kwa chokaa inayopakwa upya kabla ya masika, na kwa paa linalozibwa tundu likiwa bado dogo.

Sisi tulio waumini wa mandir huita utumishi usiodai malipo seva. Majirani zetu Waislamu huzungumzia sadaka jaria, ile ambayo thawabu yake haikatiki baada ya mtoaji kufa. Dispensari ya Zamani inatuonyesha maneno hayo mawili yakikaa nyumba moja. Tunapoadhimisha miaka ya mandir yetu, tukumbuke kwamba sisi pia ni wakazi wa kupita. Waliotutangulia walitukabidhi kuta. Watakaotufuata watauliza ni nani aliyehudumiwa ndani yake.