Singulariti ni Nini, na Inakuhusu Aje?

Singulariti ni ile siku mashine itashinda binadamu akili, halafu ianze kujiunda upya yenyewe, kila mpya ikiwa noma kuliko ya jana. Kutoka hapo, hakuna msee atajua kesho iko aje.

Hii stori ni ya kitambo. Mwaka wa 1965, mwanahisabati Mwingereza I. J. Good aliandika kuwa mashine kama hiyo ndiyo itakuwa uvumbuzi wa mwisho binadamu atahitaji kufanya. 1993, mwandishi Vernor Vinge akalifanya jina singulariti lijulikane. Ray Kurzweil naye anasema itafika 2045. Kuna wataalamu wanaona hizo ni ndoto tu.

Lakini cheki hii. Kabla ChatGPT itoke 2022, kuna vijana Nairobi walikuwa wanashinda wakisoma maandishi machafu na kuyapanga, ndio mashine ifunzwe kuyatambua. Jarida la Time liliripoti 2023 kuwa walilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Kwa hivyo usingoje 2045. Jiulize leo: hiyo akili ikishakomaa, ni ya nani, na doo zitaingia mfuko gani?