Mcheza Kwao Hutunzwa

Methali hii niliifundisha darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mara niliieleza kwa maneno yale yale: mtu akicheza ngoma kwao hupewa tuzo, kwa sababu wanaomtazama ni ndugu zake. Sasa nimestaafu, umri umevuka miaka sabini, nami naona kwamba nilikuwa nikiifundisha nusu. Anayemtunza mchezaji huwa amekwisha kumpima. Noti inayobandikwa kwenye paji la uso wa mchezaji ni hukumu, nayo hutolewa na mtu anayeijua ngoma ile tangu utotoni. Katika kurasa hizi nitaeleza jinsi nilivyojifunza jambo hilo, na ni nani aliyelipa karo ya somo lenyewe.

Niliingia chuo cha ualimu mwaka 1970. Wakati huo maigizo yalikuwa yamepamba moto nchini. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na mwaka huo huo Idara ya Sanaa za Maonyesho ilianza katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Ngonjera za Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, zilisikika mashuleni. Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, ilikuwa imechapishwa mwaka 1969, nasi tuliigiza sehemu yake katika bwalo la chakula, tukiwa tumejifunga mashuka ya bwenini. Mkufunzi wetu alitufundisha kuhakiki mchezo kwa karatasi ya alama yenye vichwa sita: sauti, matamshi, mavazi, mpangilio wa jukwaa, maudhui na mwisho wa mchezo. Mwigizaji asiwape watazamaji mgongo. Mchezo uwe na mwanzo, kati na mwisho. Niliipenda sana karatasi hiyo. Nilipoishika nilijiona nina mizani ya haki mkononi.

Mwaka 1972 nilipangiwa kufundisha Usukumani. Huko niliwakuta watu wenye uhakiki wao, wa zamani kuliko chuo changu. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika katika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno pande hizo hukutana na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande ukijitahidi kuwavuta watazamaji kwa nyimbo, kwa vinyago, hata kwa nyoka walio hai. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Mtazamaji aliyechoshwa huondoka akaenda upande wa pili, na miguu yake huwa imekwisha kusema. Mimi, kijana wa chuo, niliuona huo kuwa ushabiki tu.

Msimu wa pamba wa mwaka 1986 ulinikuta nikiwa mwalimu mkuu. Vijana wa kijiji, wakiongozwa na fundi wa baiskeli, walitunga mchezo wao wakauonyesha Jumapili jioni mbele ya ghala la kununulia pamba. Jukwaa halikuwapo. Watu wazima waliketi chini, watoto wakapanda juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Mchezo ulihusu karani na mizani. Mkulima analeta pamba nyeupe, karani anaiita fifi, daraja la pili. Analeta mzigo mwingine, karani anakohoa mara mbili, mkono wake unagusa mizani, kilo zinapungua. Kila alipokohoa umati uliangua kicheko, kwa kuwa karani wetu wa kweli alikuwa na kikohozi hicho hicho. Mwishowe aliyecheza mkulima aliweka gunia lake kwenye mizani ya kuigiza, akawageukia watu, akawauliza kwa Kisukuma lina kilo ngapi. Kicheko kikakatika. Mchezo ukaishia hapo.

Nilikuwa mgeni wa heshima, hivyo niliombwa kutoa maoni. Nilisimama na daftari langu. Nikawaambia kwamba waigizaji wamewapa watu migongo, Kiswahili kimechanganywa na Kisukuma, mavazi hayafai, na mchezo hauna mwisho. Watu walinisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza mwalimu. Ndipo mama mmoja mzee alipoinuka.

"Mwalimu mwanangu," akasema, "migongo yetu umeiona. Mizani hukuiona?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, nikaketi.

Lakini daftari lile lilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa nimepewa jukumu la kuchagua kikundi cha kwenda kwenye mashindano ya sanaa wilayani. Kikundi cha fundi baiskeli nilikipa alama 41 kwa 100. Kilichokwenda ni kikundi cha ngonjera cha shule yangu mwenyewe, watoto waliosimama kwenye mistari iliyonyooka wakawasifu wageni. Msimu uliofuata vijana wale hawakucheza tena. Nilipomuuliza fundi, alinijibu huku akiziba pancha kwamba kazi zimekuwa nyingi. Karani naye aliendelea kukohoa misimu miwili zaidi. Hakuna mtu aliyewakataza vijana kucheza. Alama 41 zilitosha.

Miaka kadhaa baadaye nilikisoma kitabu cha Penina Mlama cha mwaka 1991 kuhusu sanaa za jadi na maendeleo. Humo nilikuta habari za Malya, wilayani Kwimba, Usukumani humo humo. Mwaka 1982 na 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao matatizo ya vijana, na vijana wakayageuza kuwa maonyesho yenye ngoma na maigizo. Baada ya onyesho watu walijadiliana. Mjadala huo ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Vijana wetu, bila ya kufundishwa na mtaalamu yeyote, walikuwa wamefika mahali pale pale kwa akili zao, nami nikawahesabia kosa.

Wapo waliouelewa mchezo wa kijiji haraka kuliko mimi. Mwaka 1977, huko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi waliigiza kwa Kigikuyu Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji walisahihisha maneno ya wahusika, kwani wao ndio waliojua mzee huongeaje na kibarua hutembeaje. Serikali ilifuta kibali cha mchezo Novemba mwaka huo. Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwisho wa Desemba, na mwaka 1982 ukumbi wao wa wazi ukabomolewa. Waliotoa amri zile hawakuhesabu migongo. Waliiona mizani mara moja.

Kinjeketile imebaki kwa sababu ni kitabu; mwanafunzi wa leo anaweza kuifungua. Mchezo wa ghalani umebaki kwa waliouona, nao wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo anayehakiki mchezo wa kijiji amebeba mzigo mzito kuliko mhakiki wa kitabu, maana maneno yake huenda yakawa ndiyo kumbukumbu pekee. Simaanishi kwamba asifu kila kitu. Ile migongo kweli iliwafanya waliokaa nyuma wasisikie, na jambo hilo lilistahili kusemwa. Lakini kwanza aandike mchezo ulichezwa wapi, mbele ya nani, watu walicheka wapi na walinyamaza wapi, na kesho yake walizungumza nini kisimani. Hayo yakishaandikwa, migongo ifuate.

Daftari la mwaka 1986 ninalo hadi leo. Ukurasa wa siku ile una vichwa sita na tarakimu zake. Hauna jina la kijana hata mmoja. Pembeni nimeongeza, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, yale ninayoyakumbuka: kikohozi, gunia, swali. Nakumbuka pia kwamba mtu mmoja huko nyuma alikuwa ameanza kulijibu swali lile nilipoitwa kusimama. Sikuandika alisema kilo ngapi.