Chuma cha Wahaya na Kanuni Zisizoandikwa

Masimulizi ya Wahaya wa Tanzania yanasema kwamba Rugomora Mahe, mfalme wa karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma pale Katuruka, Bukoba, apate kuiona mbingu. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba mahali wazee walipomwonyesha, akakuta chini yake mabaki ya kazi ya chuma ya takriban miaka 2,000 au zaidi. Matanuri mengine ya kale yalifukuliwa Kemondo, kwenye njia ya kwenda Muleba. Simulizi, basi, lilihifadhi mahali pa kazi kwa karne nyingi. Kazi yenyewe halikuihifadhi. Ndiyo maana nashikilia kwamba ufundi wa mikono mingi hauaminiki kwa muda mrefu mpaka kanuni zake ziwekwe katika umbo ambalo mwingine anaweza kulisoma, kulikagua na kulitekeleza.

Ushahidi ulionekana mwaka 1976, Schmidt alipowaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani warudie kazi iliyokufa baada ya chuma cha Ulaya kujaa madukani. Walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakajenga tanuri juu yake na kupenyeza mabomba manane ya udongo, kila moja na mivukuto yake. Kila mvukutaji alihudumia upande wake, na hakuna ambaye angeyeyusha chuma peke yake. Hawakufanikiwa mara moja. Ilibidi wajaribu, wakosee na kurekebisha. Miongo michache ya kuacha kazi ilitosha kufifisha ujuzi wa vizazi vingi.

Wapo watakaosema kazi hiyo ilikuwa ya miiko na dawa tu, haikuwa na kanuni. Miiko ilikuwepo, lakini mpangilio wa majani, makaa na hewa ulikuwa kanuni kamili. Schmidt na mwenzake Donald Avery walidai mwaka 1978 kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye makaa. Mwaka 1986 J. E. Rehder alipinga. Mabishano hayo yenyewe yanaonyesha hasara: wenye kanuni hawakuacha maandishi, wakawaachia wengine kukisia.

Mitambo ya leo inarudia tatizo lile lile. Ndani ya ndege, kompyuta ndogo nyingi hufanya kazi pamoja, kila moja na sehemu yake. Programu zake zikiandikwa kwa mkono na watu mbalimbali, kila mmoja aweza kuielewa kanuni kivyake. Miaka ya 1980 huko Grenoble, Ufaransa, Paul Caspi na Nicolas Halbwachs walibuni Lustre, lugha ya kueleza mwenendo wa mtambo kihisabati. Kutokana nayo ilizaliwa zana iitwayo SCADE, iliyotumika katika ndege za Airbus: mhandisi huunda modeli, huikagua, kisha zana hiyo huzalisha msimbo kutoka humo. Ni kweli kwamba modeli yenye kosa itazalisha msimbo wenye kosa. Hata hivyo kosa lililoandikwa huonekana na kusahihishwa, ilhali lililo kichwani mwa fundi huzikwa naye. Kijana wa Bukoba au Muleba atakayeandika programu ya kuendesha pampu za maji au mashine za kukoboa kahawa aanze na kanuni zilizoandikwa na kukaguliwa. Historia ya chuma ya kwao inamdai hivyo.