Msomaji na Jina Lake katika Magazeti ya Kiswahili

Waandishi wa historia ya magazeti ya Afrika Mashariki wamezoea kuwahesabu wenye magazeti na wahariri wao, wakaeleza nani alianzisha gazeti gani, mwaka gani, na kwa fedha ya nani. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini sehemu isiyo ndogo ya magazeti hayo ilijazwa na watu wasiolipwa hata senti moja: mwalimu wa shule ya kijijini, karani wa reli, tarishi wa boma, fundi cherehani aliyepata wasaa wa kuandika baada ya kufunga duka. Watu hawa walisoma habari, wakawa na neno la kusema juu yake, wakanunua stempu. Habari yao kwa Kiswahili imesimuliwa kidogo mno, na sehemu yake iliyosahauliwa zaidi ni jambo linaloonekana dogo, yaani jina ambalo mwandishi wa barua alilitia, au alikataa kulitia, chini ya maneno yake.

Magazeti ya kwanza yalitoka mikononi mwa wamisionari. Msimulizi lilianza Zanzibar mwaka 1888, na miaka michache baadaye wenzao wa Magila wakatoa Habari za Mwezi. Serikali ya Wajerumani ilifuata kwa Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya serikali mjini Tanga kuanzia mwaka 1904, likafa mwaka 1916 vita vilipofika. Wasomaji wa Kiongozi aghalabu walikuwa watoto wa shule zilezile za serikali, walioenea bara wakiwa walimu, makarani na maakida, nao ndio walioandika kutoka vituo vyao. Mvua imenyesha, nzige wamekuja, simba amemla mtu, Bwana Mkubwa amepita. Msomaji wa leo akizipitia habari hizo kwa haraka ataziona kavu. Yafaa azisome polepole. Mtu aliyetajwa gazetini kwa jina lake na mji wake alikuwa amepata kitu ambacho baba yake hakuwa nacho: neno lake lilifika Tanga, Bagamoyo na Tabora bila yeye kuondoka barazani. Rai yenyewe ilikuwa haijapewa nafasi. Aliyekuwa na jambo la kulalamika juu ya kodi au kiboko hakuwa na sababu ya kuliandika katika gazeti la waliotoza kodi na kushika kiboko.

Mlango ulifunguka kidogo, na kwa njia isiyotazamiwa, mwezi wa Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilipotoa nakala ya kwanza ya Mambo Leo. Hili nalo lilikuwa gazeti la serikali. Lilikusudiwa kufundisha: kilimo, afya, habari za nchi za mbali, hadithi. Mhariri, au mtengenezaji kama alivyoitwa zamani, alichagua na kutupa kama apendavyo, na siasa haikuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele. Lakini gazeti linalotaka kusomwa kila mwezi katika nchi kubwa kama ile halina budi kuwaachia wasomaji mahali, nao wasomaji wakipewa shubiri hutwaa pima. Palikuwa na habari za miji, palikuwa na barua, na palikuwa na mashairi.

Barua hizo zilibishana juu ya mahari, mavazi, ulevi, malezi ya wasichana, na Kiswahili kipi ndicho. Neno lililorudiwa sana lilikuwa ustaarabu. Kwa serikali neno hilo lilikuwa na maana nyepesi: sabuni, shule, utii. Wasomaji hawakuliacha hivyo. Wengine walisema mstaarabu ni mwenye adabu hata kama hana viatu. Wengine wakauliza iwapo mtu anaweza kuwa mstaarabu na huku amedharau lugha ya mama yake. Mabishano hayo yanasomeka kama mambo ya tabia, na ndivyo mhariri alivyoyapokea. Waama yalikuwa mabishano juu ya nani ana haki ya kumpima mwenzake, na katika nchi iliyotawaliwa na wageni hakuna suali la siasa kubwa kuliko hilo.

Mashairi nayo yasisomwe kama pambo. Shaaban Robert na Mathias Mnyampala walichapishwa katika kurasa za Mambo Leo kabla ya kuwa majina makubwa, na pembeni yao walikuwako mamia wasiokumbukwa na mtu. Katika nchi za watu wengine shairi na barua kwa mhariri ni vitu viwili mbalimbali. Kwa Waswahili vilikuwa kitu kimoja: mtunzi alimsalimu mhariri, akamwomba nafasi, akatoa hoja yake kwa vina na mizani, na mwezi wa pili au wa tatu mtunzi mwingine wa mji wa mbali akamjibu kwa bahari ileile. Faida ya shairi ilikuwa kubwa. Kwanza lilikaririwa, hata asiyejua kusoma akaweza kulibeba. Pili lilichukua fumbo, na fumbo humfikia anayehusika likampita asiyehusika. Mhariri Mzungu, hata akijua Kiswahili kama mwenyeji, hakuweza kuwa na hakika kama kunguru katika ubeti wa nne ni ndege tu. (Wahariri wenyeji waliokuja baadaye hawakuwa na udhuru huo, na huenda ndiyo sababu walikuwa wakali zaidi kwa washairi.) Tatu, shairi lilikuwa na desturi ya lakabu. Malenga hujiita apendavyo, na hakuna aliyeona ajabu kukuta chini ya beti jina ambalo mamaye mtunzi hakumpa.

Desturi ya lakabu ikawa sheria isiyoandikwa ya ukurasa wa barua. Mwandishi alitakiwa ampe mhariri jina lake la kweli na anwani yake. Gazetini aliweza kuonekana kwa jina la kupanga. Mapatano hayo yalikuwa na maana nzito kuliko yanavyoonekana. Msomaji alimkabidhi mhariri shingo yake, naye mhariri akaiweka sandukuni. Likitokea la kutokea, aliyeitwa mahakamani alikuwa mhariri.

Nalo lilitokea. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenyeji wa Uganda aliyekaa Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti lililotungwa na Mwafrika kwa ajili ya Waafrika, na malalamiko ambayo Mambo Leo lisingeyagusa, ya mishahara na ubaguzi, yakapata pa kwenda. Kenya ilipata Baraza mwaka 1939. Miaka ya 1950 ilipofika, na Kenya ikawekwa chini ya hali ya hatari kuanzia Oktoba 1952, serikali za kikoloni zilikuwa zimekwisha kuelewa kwamba gazeti la lugha ya wenyeji ni baraza lisilo na ukuta. Gazeti la Mwafrika lilianza Dar es Salaam mwaka 1957; mwaka uliofuata wahariri wake wawili, Robert Makange na Kheri Baghdelleh, walitiwa gerezani kwa kosa la uchochezi. Mwaka huohuo wa 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kwa yale aliyoandika katika Sauti ya TANU, akatozwa faini. Katika mashtaka yote mawili serikali iliwashika waliosimama mlangoni. Walionunua gazeti, wakalisoma kwa sauti kwenye vibaraza vya Kariakoo na kulirudisha nyumbani limechakaa, hawakuulizwa majina.

Uhuru ulipopatikana, msomaji alitazamia kwamba sasa ataandika bila kufumba. Jaribio kubwa lilikuja Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi zingepigwa marufuku. Kabla ya tarehe hiyo kufika, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake mitaani Dar es Salaam, Kariakoo ikiwa mojawapo. Barua zikafurika magazetini, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Wengi waliunga mkono, wakisema nchi huru haivai uchi wa wageni. Lakini wako waliouliza swali ambalo halikuwa na jibu rahisi: ikiwa sketi fupi imekatazwa kwa kuwa si utamaduni wetu, mbona katika miaka hiyohiyo Mmaasai analazimishwa aache vazi la babu zake avae suruali? Na koti la waziri, lilishonwa wapi kwanza? Wanawake nao waliandika, na hoja yao iliyokuwa na makali zaidi haikuhusu nguo. Ilihusu nani aliyempa kijana wa mtaani ruhusa ya kumgusa mwanamke kwa jina la taifa.

Katika historia ya rai za wasomaji wa Tanzania ni shida kupata mabishano yenye thamani kuliko hayo. Kila upande ulisema kwa jina la utamaduni, na kila barua iliuvuta utamaduni upande wake, mpaka neno lenyewe likalegea. Chama hakikubadili amri yake. Hata hivyo, kwa miezi ile michache, raia wasio na cheo walimwuliza mwenye cheo maana ya neno alilokuwa akilitumia, wakamwuliza hadharani.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Juni, Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa bure. Pengine msomaji mwenye elimu ataona aibu kusikia mpira ukitajwa baada ya utamaduni wa taifa. Aibu hiyo haina msingi. Young Africans ilianza mwaka 1935 na Sunderland, iliyoitwa Simba tangu 1971, mwaka 1936. Zote mbili ni kongwe kuliko TANU. Ni vyama vya wanachama, vyenye katiba, kadi, uchaguzi na mweka hazina. Katika miaka ya chama kimoja, iliyoanza kisheria mwaka 1965, hapakuwa na mahali pengi ambapo fundi bomba angeweza kumwita kiongozi kwa jina lake na kumwambia kwamba amekula fedha za watu. Klabu ya mpira ilikuwa mahali pamoja. Yanga ilipopasuka mwaka 1976, na waliotoka wakaunda Pan African, hoja zilizosikika kwenye vijiwe vya kahawa zilikuwa hoja za utawala: nani ana haki ya kuitisha mkutano, nani aliyemchagua nani, hesabu ziko wapi.

Mpira ulikuwa na fadhila nyingine. Tarehe 10 Agosti 1974 watani hao walikutana Mwanza, uwanja wa Nyamagana, na Yanga ikashinda 2 kwa 1. Mashabiki wengi wa Dar es Salaam hawakuwako. Waliujua mchezo kwa masikio, kwa redio, kisha kwa gazeti la kesho yake, na bado walikuwa tayari kuapa juu ya kila teke. Huyu alimwamini mtangazaji, yule akamwamini mwandishi, wa tatu akamwamini dereva wa lori aliyetoka Mwanza. Kupima ushahidi wa mtu asiyekuwapo, na kumwuliza shahidi ana urafiki na nani, ndiyo kazi ya mwanahistoria. Mashabiki waliifanya kila Jumapili bila ada ya chuo.

Sheria ya magazeti ya mwaka 1976, iliyoshika mahali pa ile ya kikoloni, iliendeleza nia ileile ya zamani. Ilitaka kumjua mwenye gazeti na mpiga chapa. Msomaji iliendelea kumwacha nyuma ya mhariri wake. Mwaka huohuo Ngurumo, gazeti la bei nafuu lililopendwa na watu wa kawaida tangu 1959, lilikoma, na kwa miaka zaidi ya kumi mtu wa Tanzania Bara aliyetaka kuandika barua ya Kiswahili katika gazeti la kila siku alikuwa na Uhuru, gazeti la chama. Magazeti ya watu binafsi yalirudi kwa wingi pamoja na vyama vingi mwaka 1992. Simu za mkononi zilipoenea, magazeti yakaanza kuchapa ujumbe mfupi wa wasomaji, na mahali pa lakabu pakawa na namba ya simu, aghalabu tarakimu zake kadhaa zimefichwa. Ilionekana kama hila mpya ya kujificha. Lakini usajili wa laini za simu ulianza mwaka 2009, na kufikia Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole ilikuwa ya kufungwa. Namba imekuwa jina lenye uhakika kuliko jina lenyewe, kwa kuwa jina mtu aweza kulitunga.

Mabadiliko makubwa zaidi ni kuondoka kwa mhariri mlangoni. Kwenye mtandao msomaji huandika rai yake juu ya bajeti au penalti ikasomwa kabla hajaweka simu chini. Hapana anayemwomba nafasi, hapana anayemrudishia beti zilizopungua mizani. Wengi wamefurahia, na wana haki ya kufurahi. Waliosahau ni wale waliodhani kwamba mhariri alikuwa kizuizi tu. Alikuwa pia ngao. Serikali isipomwona mtu mlangoni, itaingia ndani kumtafuta mwenye maneno.

Ndivyo ilivyokuwa. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na polisi Dar es Salaam. Walichotaka kwake ni majina ya watu walioandika kwa lakabu, naye hakuyatoa. Kanuni za mwaka 2018 zikawadai wenye tovuti za namna hiyo leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, mbali na ada nyingine, na tovuti kadhaa zikajifunga. Shauri la Melo lilichukua zaidi ya miaka mitatu. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, ikamtoza faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Hukumu hiyo haikuhusu iwapo maneno yaliyoandikwa na wasomaji yalikuwa ya kweli au ya uongo. Ilihusu mtu aliyepewa majina ayatunze, akayatunza.