Keekee na Patasi: Nakshi za Mafundi wa Mbao

Historia ya karne moja haikamiliki bila kuwakumbuka mafundi wa mbao. Kisiwani Pemba, kama Unguja na Lamu, seremala aliheshimiwa si kwa kuunga mbao tu, bali pia kwa nakshi alizozitia katika milango, viti na vitanda. Miongoni mwa mbao zilizotumika ni za mfenesi na msaji.

Chombo chake cha kutobolea kiliitwa keekee. Ncha ya chuma ilichomekwa katika msukano. Msukano ulizunguka ndani ya kishikio kiitwacho jivu, ukiendeshwa kwa uta ambao kamba yake iliviringishwa humo. Kwa patasi ndogo na nyundo fundi alichonga maua, minyororo na mitende. Aliyefuata nyuzi za mbao alipata ukingo laini. Aliyekwenda kinyume aliipasua kazi ya siku nzima.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Milango yaweza kulindwa kwa sheria. Ustadi wa mkono hulindwa na mwanagenzi. Fundi mzee asiyepata wa kumrithi huondoka na elimu ambayo mlango hauwezi kuisimulia.