Manusura wa Holokosti wanapoondoka: jinsi watoto, wajukuu na vitukuu wanavyobeba simulizi hadi darasani

Kila ifikapo tarehe 27 Januari, taarifa za habari hutaja Siku ya Kimataifa ya Kuwakumbuka Wahanga wa Holokosti. Tarehe hiyo, mwaka 1945, askari wa Kisovieti waliingia katika kambi ya Auschwitz, kusini mwa Polandi, wakawakuta wafungwa wapatao 7,000 wakiwa bado hai, wengi wao mahututi. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hiyo rasmi mwaka 2005. Sisi wa redio huisoma habari hiyo kwa dakika moja, kisha tunakwenda kwenye michezo. Makala hii ni kwa ajili ya msikilizaji anayebaki na swali: walioyaona mambo yale kwa macho yao wakishafariki wote, nani atayasimulia, na atakuwa na haki ya kusema nini?

Kwanza neno lenyewe. Holokosti ni mauaji ya Wayahudi wa Ulaya yaliyopangwa na kutekelezwa na serikali ya Kinazi ya Ujerumani, chini ya Adolf Hitler, pamoja na washirika wake. Hitler aliingia madarakani mwaka 1933. Mambo yalianza kwa sheria na amri: Wayahudi kufukuzwa katika kazi za serikali, kunyang'anywa uraia mwaka 1935, nyumba zao za ibada kuchomwa na maduka yao kuvunjwa Novemba 1938. Kuanzia mwaka 1941 yakawa mauaji ya halaiki, kwanza kwa risasi kandokando ya mashimo huko Ulaya Mashariki, kisha kwa gesi katika kambi zilizojengwa kwa kazi hiyo. Vita ilipokwisha, Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa, na miongoni mwao watoto wapatao milioni moja na nusu. Wayahudi wengi huyaita maangamizi hayo Shoah, neno la Kiebrania. Wanazi waliwaua pia Waroma, watu wenye ulemavu, wafungwa wa kivita wa Kisovieti na raia wa Polandi kwa wingi, ila hapa tunazungumzia familia za Kiyahudi.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, shirika la Claims Conference, linaloshughulikia fidia za manusura, lilikadiria kwamba walikuwa wamebaki takriban 245,000 katika nchi zaidi ya 90. Wengi wa hao walikuwa watoto wadogo wakati wa vita. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1945, mwenye umri wa kukumbuka vizuri njia, majina na sura za watu, alitimiza miaka 80 mwaka 2010.

Nyumba zilizokaa kimya

Mtu anaweza kudhani kwamba manusura walitoka kambini wakaanza kusimulia. Wachache walifanya hivyo. Wengi walihamia New York, London, Tel Aviv au Buenos Aires, wakatafuta kazi, wakaoa na kuolewa, wakanyamaza. Wengine walinyamaza kwa sababu majirani wapya hawakutaka kusikia. Wengine hawakutaka kuwatwisha watoto wao mzigo ule. Lakini mtoto hahitaji kuambiwa ili ajue kwamba kuna jambo. Alikwenda shule akakuta wenzake wana babu na bibi, shangazi na wajomba, na yeye hana hata mmoja. Pengine alipewa jina la ndugu aliyeuawa, akaitwa kwa jina hilo kila siku bila kuambiwa lilikuwa la nani.

Mwaka 1961 kimya hicho kilipasuka kidogo. Adolf Eichmann, mmoja wa waliopanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda kambini, alishtakiwa mjini Jerusalem, na mashahidi zaidi ya 100 walipanda kizimbani. Sehemu za kesi hiyo zilirushwa na redio ya Israel, na watu walizisikiliza majumbani, madukani na ndani ya mabasi. Watoto wengi walisikia redioni mambo ambayo wazazi wao waliokaa nao chumba kimoja hawakuwahi kuyatamka. Kwa mtu wa kazi yangu, hilo ni jambo la kutafakari sana.

Mtoto mmoja aliyeamua kumuuliza mzazi wake waziwazi ni Art Spiegelman, mchoraji wa New York. Katika miaka ya 1970 alikaa na baba yake, Vladek, Myahudi wa Polandi aliyepitia Auschwitz, akawasha kinasa sauti na kuuliza. Kutokana na kanda hizo alichora kitabu cha katuni kiitwacho Maus, ambamo Wayahudi wana sura za panya na Wajerumani sura za paka. Kilitoka katika juzuu mbili, mwaka 1986 na 1991, na mwaka 1992 kikapata tuzo maalumu ya Pulitzer. Kwangu mimi uzito wa kitabu hicho uko katika namna mwana anavyojichora mwenyewe akiuliza: mzee anatoka nje ya mada, wanagombana, siku nyingine mzee amechoka. Na kuna pigo moja ambalo halina dawa. Mama yake Spiegelman, Anja, naye alikuwa manusura, na aliandika kumbukumbu zake. Alijiua mwaka 1968. Baadaye Vladek alikuja kukiri kwamba alizichoma karatasi zile. Upande wa mama haukupatikana tena.

Januari 2022 bodi ya shule ya wilaya ya McMinn, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, ilipiga kura 10 kwa 0 kukiondoa kitabu hicho katika masomo ya darasa la nane, ikitaja maneno machafu na mchoro wa mwanamke aliye uchi. Habari ilipoenea, watu walikinunua kwa kasi, hata kikarudi kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa zaidi.

Bibi na kitukuu chake

Jambo ambalo limeonekana katika familia nyingi ni kwamba mzee aliyeshindwa kumwambia mwanawe alikuja kumwambia mjukuu. Kwetu hili halishangazi. Babu na mjukuu wana utani wao, na mjukuu huuliza swali ambalo mtoto wa kuzaa angeona aibu kuliuliza.

Lily Ebert alizaliwa Hungaria mwaka 1923. Julai 1944 alipelekwa Auschwitz pamoja na mama yake na wadogo zake. Siku ya kufika, mama, mdogo wake wa kiume na mmoja wa wadogo zake wa kike walitengwa upande mmoja na kuuawa. Lily na wadogo zake wawili wa kike walibaki hai. Alikuwa na kidani kidogo cha dhahabu alichopewa na mama yake utotoni, ambacho kilikuwa kimefichwa ndani ya kisigino cha kiatu. Kiatu kilipochakaa, alikificha ndani ya kipande cha mkate aliokuwa akigawiwa. Akatoka nacho. Huko kambini alijiapiza kwamba akipona atausimulia ulimwengu, lakini hata yeye alikaa miaka mingi kabla ya kuanza kusema mbele za watu.

Mwaka 2020, wakati wa korona, kitukuu chake Dov Forman, kijana wa miaka 16 mjini London, aliweka mtandaoni picha ya noti ya zamani ya Kijerumani. Baada ya ukombozi, askari Mmarekani aliiandikia maneno ya kumtakia Lily maisha mapya, akampa. Ndani ya siku moja watu walikuwa wamemtambua askari huyo. Alikuwa amekwisha kufariki, lakini familia yake ilipatikana, na pande hizo mbili zikazungumza. Kisha kijana na bibi yake wakaanza kutoa video fupi TikTok, bibi akijibu maswali ya vijana: namba iliyo mkononi mwako ni ya nini, mlikula nini, unamchukia nani? Walifikia wafuasi wapatao milioni mbili. Walipata pia matusi na maneno ya chuki, lakini hawakuacha. Lily Ebert alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 100. Vitukuu vyake vilikuwa zaidi ya 30.

"Mimi sikuwepo"

Mjukuu anapoingia darasani hali ni tofauti. Manusura alikuwa anafunua mkono, wanafunzi wanaiona namba, na hakuna ubishi. Mjukuu hana namba. Ana picha, barua, pengine kanda ya sauti, na jina la ukoo.

Kwa sababu hiyo yameanzishwa mashirika ya kuwafundisha ndugu hawa jinsi ya kusimulia. Uingereza kuna Generation 2 Generation, na New York kuna 3GNY, kundi la wajukuu lililoanza mwaka 2005, lenye mafunzo ya kuwaandaa wajukuu kwenda shuleni. Huko Israel, tangu mwaka 2011, kuna desturi ya watu kukutana sebuleni kwa mtu, wachache tu, kumsikiliza manusura au mtoto wake kisha kuzungumza. Siku hizi mtu huja na rekodi ya mzee wake, anaichezesha kidogo, anaeleza historia inayoizunguka, anaonyesha kijiji kwenye ramani, halafu anapokea maswali.

Kazi ngumu ni ile ya kabla ya darasa. Kumbukumbu ya binadamu hupotoka. Mzee anaweza kuchanganya mwezi, au kuamini alimwona ofisa fulani maarufu kambini wakati ofisa huyo alikuwa kwingine. Wapo watu wanaokana kwamba Holokosti ilitokea, na hao huvizia kosa dogo kama hilo ili wadai yote ni uongo. Kwa hiyo mjukuu mwangalifu hatajirisha hadithi. Anasema, bibi alikumbuka hivi, karatasi inasema hivi, na mimi sikuwepo. Mjini Bad Arolsen, Ujerumani, kuna hifadhi kubwa ya nyaraka za Wanazi na za baada ya vita, yenye taarifa za watu wapatao milioni 17.5: orodha za wafungwa, kadi za kambi, barua za watu waliokuwa wakitafuta ndugu. Familia huandika kuuliza, nayo hutafuta. Kuna hata bahasha zenye saa, pete za ndoa na picha walizonyang'anywa wafungwa, ambazo hifadhi hiyo inaendelea kuwarudishia jamaa zao. Hebu fikiria kupokea kwa posta saa ya babu ambaye hukuwahi kumwona.

Jerusalem nako, taasisi ya Yad Vashem imekuwa ikikusanya karatasi za ushuhuda tangu miaka ya 1950. Jamaa hujaza jina la aliyeuawa, wazazi wake, alikozaliwa, kazi yake, alikofia. Kwa karatasi hizo na nyaraka nyingine, majina zaidi ya milioni 4.8 yamepatikana. Mengine yanakosekana kwa sababu kuna vijiji ambako hakubaki mtu wa kujaza karatasi.

Walimu wenye uzoefu wana miiko yao. Watoto wasiigizwe kama wafungwa au askari. Igizo haliwezi kufanana na jambo lenyewe, na mtoto huondoka ama na hofu ama na kicheko. Picha za maiti zisitumike kwa ajili ya kushtua. Mwanafunzi aingizwe katika somo salama na atolewe salama. Na mateso ya watu mbalimbali yasipimwe kwenye mizani moja kutafuta nani aliumia zaidi. Nadhani muhimu kuliko yote ni hili: usianze na milioni 6. Hakuna mtoto anayeweza kuiona milioni. Anza na mtu mmoja, mtaa wake, kazi ya baba yake, mchezo alioupenda, halafu takwimu zifuate.

Kuna pia rekodi. Baada ya kutengeneza filamu ya Schindler's List, Steven Spielberg alianzisha mwaka 1994 taasisi ambayo sasa ina ushuhuda wa video zaidi ya 50,000. Baadhi ya manusura walirekodiwa kwa teknolojia inayomwezesha mwanafunzi kuuliza swali na kujibiwa na picha ya mzee, hata kama amefariki. Ni jambo kubwa, lakini picha hujibu kutokana na yale yaliyorekodiwa. Mtoto anayeuliza, "Wewe mjukuu unajisikiaje ukifika Ujerumani?" anahitaji mtu aliye hai.

Kutoka Uingereza hadi Kigali

Njia hizi zimefika karibu na kwetu. Ndugu wawili Waingereza, James na Stephen Smith, ambao si wa ukoo wa manusura, walifungua kituo cha elimu ya Holokosti huko Nottinghamshire mwaka 1995. Shirika lao, Aegis Trust, lilishirikiana na mamlaka ya Jiji la Kigali kujenga ukumbusho wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, huko Gisozi, uliofunguliwa Aprili 2004. Zaidi ya watu 250,000 wamezikwa hapo. Taasisi aliyoianzisha Spielberg nayo imepokea ushuhuda wa manusura wa Rwanda na kuuhifadhi pamoja na ule wa Wayahudi.

Huko Gisozi kuna chumba cha watoto. Ukutani zimetundikwa picha kubwa walizotoa ndugu waliobaki hai. Chini ya kila picha kuna jina la mtoto na umri wake, na mambo machache ambayo ni mtu wa nyumbani tu angeyajua: chakula alichokipenda, mwanasesere aliyelala naye, rafiki yake alikuwa nani.